Muunganisho wa pasiwaya kati ya kompyuta na miwani ya uhalisia pepe

Muunganisho wa pasiwaya kati ya kompyuta na miwani ya uhalisia pepe ni njia ya kupeleka picha na sauti kutoka kompyuta yenye nguvu hadi kwenye miwani ya uhalisia pepe (VR) iliyovaliwa kichwani, kwa kutumia mawimbi ya redio badala ya waya. Wakati huohuo miwani huirudishia kompyuta habari za mwendo wa kichwa na mikono ya mvaaji, ili picha inayofuata ichorwe kulingana na mahali anapotazama. Kwa sehemu kubwa kazi hii hufanywa kwa Wi-Fi ya kawaida, ileile inayotumiwa na simu na kompyuta mpakato.

Neno linalowachanganya watu wengi hapa ni "kasi". Muunganisho huu hautegemei kasi ya intaneti. Picha hutoka kwenye kompyuta iliyo mezani, hupita kwenye ruta iliyo chumbani, na kufika machoni pa mvaaji aliyesimama mita mbili kutoka hapo. Haitoki nje ya nyumba hata kidogo. Ni kama nyumba yenye simtanki: maji ya bomba la mtaani yakipungua, bomba linalotoka kwenye tangi hadi jikoni hutoa maji kama kawaida, na bomba hilo likiwa jembamba, kuongezewa maji mtaani hakusaidii kitu. Intaneti huhitajika kwa kupakua programu, kuingia kwenye akaunti na kucheza na watu walio mbali. Kwa hiyo mtu anayelipia kifurushi kikubwa zaidi ili picha ya miwani yake iache kukwama anapoteza fedha zake. Tatizo liko kati ya ruta na miwani, na huko ndiko linakotakiwa kutafutwa.

Historia

Mwaka 1968 Ivan Sutherland, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alionyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani chenye picha zilizochorwa na kompyuta. Kifaa hicho kilikuwa kizito kiasi cha kuning'inizwa darini, na mvaaji alifungwa kwacho akiwa amesimama chini yake. Kwa karibu nusu karne baada ya hapo vifaa vya VR viliendelea kuwa vya kufungwa kwa namna fulani. Oculus Rift na HTC Vive, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016, zilitegemea waya mnene wa mita kadhaa uliotoka kwenye miwani hadi kwenye kompyuta. Mvaaji haoni miguu yake, kwa hiyo akigeukageuka waya humzunguka. Wengine waliuning'iniza darini kwa kapi ndogo, yaani walirudi kwenye suluhisho la mwaka 1968.

Majaribio ya kwanza ya kibiashara ya kuondoa waya hayakutumia Wi-Fi ya kawaida. Kifaa cha HTC kilichotoka mwaka 2018 kilirusha picha kwa masafa ya gigahezi 60. Masafa hayo hubeba data nyingi mno, lakini hayapenyi ukuta wala mwili wa binadamu: mtu akipita katikati, picha hukatika. Kifaa hicho kilihitaji pia kadi maalumu ndani ya kompyuta na betri ya kubeba mfukoni.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Oculus Quest ya mwaka 2019. Miwani hiyo ilikuwa na prosesa yake, kumbukumbu yake na Wi-Fi yake, kama simu iliyovaliwa usoni, na iliweza kufanya kazi bila kompyuta yoyote. Kwa kuwa tayari ilijua kupokea video kwa Wi-Fi, waandishi wa programu waliona mapema kwamba inaweza kupokea pia picha za michezo mizito inayoendeshwa na kompyuta. Guy Godin, mtengenezaji wa programu ya Virtual Desktop, aliiongezea uwezo huo mwaka 2019. Oculus, iliyokuwa mali ya Facebook, ilimtaka auondoe kwenye toleo la dukani, na kwa zaidi ya mwaka mmoja watumiaji waliupata kwa mlango wa nyuma, kwa kuweka kiraka nje ya duka rasmi. Februari 2021 uwezo huo uliruhusiwa dukani, na miezi michache tu baadaye, Aprili 2021, Facebook ilitoa njia yake yenyewe iitwayo Air Link. Kampuni ya Valve ilifuata mwishoni mwa 2023 kwa kutoa Steam Link ya miwani hizo bila malipo. Kuna pia ALVR, programu huria ambayo yeyote anaweza kuisoma, kuibadili na kuisambaza.

Kwa nini picha lazima ibanwe

Hesabu kidogo inaonyesha ukubwa wa kazi. Miwani ya Quest 2, iliyotoka Oktoba 2020, ina pikseli 1832 kwa 1920 kwa kila jicho. Kwa macho mawili hizo ni pikseli 7,034,880. Kila pikseli ikichukua biti 24 za rangi, picha moja ina biti zipatazo milioni 169. Picha zikibadilishwa mara 90 kwa sekunde, jumla ni biti bilioni 15 na ushei kila sekunde, yaani gigabiti 15. Wi-Fi ya nyumbani katika hali nzuri hupitisha kiasi cha gigabiti moja. Hata kebo ya USB 3 ya kawaida ina gigabiti 5 tu, na ndiyo maana miwani za Quest hupokea picha iliyobanwa hata zinapounganishwa kwa waya. Anayeondoa waya huo haondoki kwenye picha kamili kwenda kwenye picha pungufu. Anahama tu kutoka picha iliyobanwa kwenda picha iliyobanwa zaidi kidogo.

Ili gigabiti 15 ziingie katika megabiti 200, ambazo ni kiwango cha juu cha kawaida cha Air Link, picha hubanwa takriban mara 75. Kazi hiyo hufanywa na sehemu maalumu ya kadi ya grafiki kwa kufuata kanuni iitwayo kodeki. Kodeki haipeleki kila picha nzima; hupeleka hasa kile kilichobadilika tangu picha iliyotangulia. Kwa msomaji wa habari kwenye televisheni njia hii ni rahisi, maana ukuta ulio nyuma yake hautikisiki. Kwenye VR kichwa cha mtazamaji hakitulii, kwa hiyo kila kitu hubadilika kila wakati. Nyasi, majani ya miti, moshi na mvua ndivyo vinavyoharibika kwanza: huonekana kama vimepakwa rangi ya maji. Maandishi madogo nayo huvurugika, na ni kipimo kizuri cha kujua kama megabiti zilizowekwa zinatosha.

Kodeki zinazotumika ni tatu. H.264 ni ya mwaka 2003; ni nyepesi kufungua lakini hutaka megabiti nyingi. HEVC ya mwaka 2013 hutoa picha nzuri zaidi kwa megabiti zilezile. AV1 ya mwaka 2018 ni bora kuliko zote mbili, ila haipatikani kila mahali: kadi za grafiki zinazoweza kubana picha kwa AV1 zilianza kuuzwa mwaka 2022, kama vile NVIDIA RTX za mfululizo wa 40, na upande wa miwani Quest 3 inaifungua lakini Quest 2 haiwezi.

Uchelewaji na kichefuchefu

Kwa anayetazama filamu, video kuchelewa nusu sekunde si kitu. Kwenye VR uchelewaji ni suala la afya ya mtazamaji. Masikio ya ndani yana viungo vinavyohisi mwendo wa kichwa. Macho yakionyesha kwamba dunia imebaki nyuma ya mwendo huo, ubongo hupokea taarifa mbili zinazopingana, na tokeo lake ni kizunguzungu, jasho na kichefuchefu. Ni ugonjwa uleule wa abiria anayechafukwa na moyo ndani ya boti ya Unguja, ila umegeuzwa: kwenye boti mwili unahisi mwendo ambao macho hayauoni.

Wataalamu wa VR hulenga muda usiozidi milisekunde 20 kati ya kichwa kugeuka na picha kugeuka. Sasa tazama safari ya picha moja. Kompyuta huichora, kwa picha 90 kwa sekunde ina milisekunde 11 tu za kufanya hivyo. Kadi ya grafiki huibana. Ruta huirusha. Miwani huipokea, huifungua, kisha huiweka kwenye kioo. Ukijumlisha yote, mpangilio mzuri wa Wi-Fi huwa na milisekunde 40 hadi 60. Kwa hesabu hiyo kila mvaaji angepaswa kuugua, lakini wengi hawaugui.

Siri iko kwenye miwani yenyewe. Haionyeshi picha kama ilivyofika. Dakika ya mwisho kabla ya kuiwasha kwenye kioo, hupima upya kichwa kimeelekea wapi, kisha huisogeza picha ili ilingane na mwelekeo huo mpya. Ikiwa kompyuta ilichora picha wakati mvaaji anatazama mlango, na tangu hapo kichwa kimegeuka nyuzi mbili kushoto, miwani huipeleka picha nzima nyuzi mbili kulia, na mlango hubaki mahali pake. Kazi hiyo haiendi kwenye kompyuta wala haipiti hewani, hivyo haina uchelewaji wa safari.

Ujanja huu una mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo humwambia mtumiaji kwamba muunganisho wake ni dhaifu. Akigeuka ghafla huona ukingo mweusi upande anakogeukia, kwa sababu miwani imesogeza picha lakini haina kitu cha kujaza nafasi iliyobaki wazi. Mikono nayo haisahihishwi vizuri kama mwelekeo wa kichwa: mpira unaodakwa au upanga unaoyumbishwa huonekana ukifuata mkono kwa kuchelewa kidogo. Kwa hiyo mchezo wa kukaa kwenye chumba cha rubani huvumilia uchelewaji ambao mchezo wa ngumi au wa kupiga ngoma hauuvumilii.

Baya kuliko uchelewaji wenyewe ni uchelewaji usio na mpangilio. Picha inayofika kila mara baada ya milisekunde 50 hutazamika. Picha inayofika leo baada ya 30, kesho 90, kisha 40, hukwama na kuruka, na hakuna ujanja wa miwani unaoificha. Kipimo cha wastani hakionyeshi jambo hili.

Hewa ya pamoja

Wi-Fi inafanana na darasa ambamo mtu mmoja tu anaruhusiwa kusema kwa wakati mmoja. Kila kifaa husikiliza kwanza. Kikikuta kimya, husema. Kikikuta mwenzake anasema, hungoja. Ruta na miwani pia haviwezi kusema pamoja kwenye chaneli moja. Ndiyo sababu ruta yenye Wi-Fi 6 inayosomeka megabiti 1201 kwa sekunde kwenye chaneli ya megahezi 80 hutoa kwa kweli kiasi cha nusu hadi theluthi mbili ya hizo. Zinazobaki huliwa na kusikiliza, kungoja na kuthibitisha.

Katika darasa hilo mwanafunzi anayesema polepole huwachelewesha wote. Simu ya zamani iliyo chumba cha tatu, inayopata mawimbi kwa shida, huchukua muda mrefu hewani kupeleka ujumbe mdogo tu, na muda huo miwani hungoja. Mtu anaweza kuwa na ruta ya bei kubwa na bado picha ikakwama kila simu hiyo inapopakua video.

Kutokana na hayo inatoka kanuni muhimu kuliko zote: kompyuta iunganishwe na ruta kwa kebo ya mtandao, wala isitumie Wi-Fi. Kompyuta ikiwa nayo iko hewani, kila picha husemwa mara mbili, kwanza kompyuta ikiiambia ruta, kisha ruta ikiiambia miwani, na nafasi iliyopo hugawanyika nusu kwa nusu. Kebo ya Cat 5e au Cat 6 na tundu la gigabiti moja vinatosha kabisa. Inafaa kutazama tundu hilo, maana baadhi ya ruta za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100 tu, na hapo kebo yenyewe hugeuka kuwa kizuizi.

Masafa na chaneli

Masafa ya gigahezi 2.4 hayafai kwa kazi hii. Yana nafasi ya chaneli tatu tu zisizoingiliana, na hushirikiwa na Bluetooth, oveni za maikrowevu na ruta za majirani wote. Ruta nyingi ndogo za laini ya simu zina masafa hayo peke yake. Anayetaka kununua ahakikishe kwanza kwamba imeandikwa gigahezi 5.

Gigahezi 5 ndiyo masafa ya kawaida ya VR. Yana chaneli nyingi, na chaneli zinaweza kuunganishwa hadi upana wa megahezi 80 au 160. Upana ukiongezeka maradufu, data huongezeka karibu maradufu: Wi-Fi 6 yenye antena mbili husoma megabiti 1201 kwenye megahezi 80 na 2402 kwenye megahezi 160. Lakini si wazo zuri kukimbilia 160. Sehemu kubwa ya gigahezi 5, chaneli za 52 hadi 144, inashirikiwa na rada, zikiwemo za hali ya hewa, na kwenye masafa haya chaneli ya megahezi 160 huangukia kwa kawaida ndani ya sehemu hiyo. Sheria huitaka ruta isikilize kwanza kwa dakika moja au zaidi kabla ya kusema huko, na ikisikia rada ihame mara moja. Kwa anayesoma barua pepe, kuhama huko hakuonekani. Kwa aliyevaa miwani, dunia nzima husimama. Anayekaa karibu na uwanja wa ndege au kituo cha hali ya hewa ni bora achague chaneli 36 hadi 48, au 149 hadi 161 pale zinaporuhusiwa, kwa upana wa megahezi 80. Megabiti 1201 zinatosha. Uthabiti ndio unaotafutwa.

Masafa mapya ya gigahezi 6 hutumiwa na vifaa vya Wi-Fi 6E na Wi-Fi 7. Huko hakuna vifaa vya zamani vinavyosema polepole, na chaneli pana zipo bila sharti la kukwepa rada. Quest 3, iliyoanza kuuzwa Oktoba 2023, inayatumia. Quest 2 haiwezi. Marekani ilifungua megahezi 1200 za masafa hayo mwaka 2020, na Umoja wa Ulaya ulifungua sehemu ndogo zaidi mwaka 2021. Kila nchi ina uamuzi wake, na kwa Tanzania na Kenya ni mamlaka za mawasiliano za nchi hizo zinazopanga matumizi ya masafa. Ruta iliyoletwa kutoka Dubai au Marekani iwekewe jina la nchi inamotumika kwenye mipangilio yake, ili ichague chaneli halali.

Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo mawimbi yanavyoshindwa na kuta. Ukuta wa matofali ya saruji, na zaidi zege lenye nondo, hupunguza sana gigahezi 5 na kuiumiza gigahezi 6 zaidi. Ruta inatakiwa iwe katika chumba kilekile anamochezea mtu, juu ya kabati au ukutani, ikionana na miwani, mita mbili au tatu hivi. Ikiwekwa sakafuni nyuma ya televisheni hupoteza sehemu ya nguvu yake, na mwili wa mchezaji mwenyewe huwa ukuta kila anapoipa mgongo.

Kupanga vifaa

Mpangilio bora ni ruta ya pili inayotumikia miwani peke yake. Ruta ya nyumbani hubaki sebuleni ikihudumia familia. Ruta ya pili huwekwa chumba cha kompyuta. Kebo moja hutoka kwenye tundu lake la intaneti hadi ruta ya nyumbani, na kebo nyingine hutoka kwenye mojawapo ya matundu yake ya kawaida hadi kwenye kompyuta. Wi-Fi yake hupewa jina tofauti na nywila ambayo haigawiwi kwa wageni. Kwa njia hii hewa ya gigahezi 5 ya chumba hicho ina wasemaji wawili tu. Si lazima ruta hiyo iwe ya bei kubwa. Yenye Wi-Fi 6, antena mbili na matundu ya gigabiti hufanya kazi hiyo vizuri kuliko ruta ya kifahari inayogombaniwa na simu kumi. Mahali ambapo intaneti haipatikani, ruta ya pili inaweza hata kukaa bila kuunganishwa nje, kwa programu zisizodai kuingia kwenye akaunti kila mara.

Njia nyingine ni kuifanya kompyuta yenyewe iwe hotspoti ya miwani kupitia kadi yake ya Wi-Fi. Ni rahisi, lakini kadi nyingi hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na kompyuta ikiwa inapokea intaneti kwa kadi hiyohiyo, hewa hugawanywa tena. D-Link, kwa kushirikiana na Meta, ilitoa kifaa cha USB kinachochukua nafasi ya ruta ya pili. Valve, ilipotangaza miwani yake ya Steam Frame Novemba 2025, iliamua kuweka kifaa cha namna hiyo cha gigahezi 6 ndani ya boksi lake, na miwani hiyo hufuatilia macho ili kompyuta ipeleke ubora mkubwa pale tu mvaaji anapotazama. Ni kukubali kwamba Wi-Fi za majumbani haziaminiki kwa kazi hii.

Programu

Air Link hutumia programu ya Meta iliyowekwa kwenye kompyuta ya Windows. Mtumiaji huiruhusu kwenye mipangilio ya programu hiyo, huvaa miwani, huchagua kompyuta yake kwenye orodha, hulinganisha namba inayoonekana pande zote mbili, kisha huanza. Steam Link hupakuliwa kwenye miwani bila malipo na huhitaji Steam pamoja na SteamVR kwenye kompyuta. Virtual Desktop inalipiwa mara moja. Upande wa kompyuta huwekwa programu ndogo ya kurusha picha. Wengi huipenda kwa sababu inaonyesha takwimu waziwazi na inatoa uhuru wa kuchagua kodeki.

Ikiwa miwani haiioni kompyuta, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: vifaa viko kwenye mitandao miwili tofauti, kwa mfano miwani iko kwenye ruta ya sebuleni na kompyuta kwenye ya chumbani, au Windows imeuchukulia mtandao huo kuwa wa hadharani, na fayawoli imeziba mlango. Mtandao wa nyumbani ubadilishwe kuwa wa binafsi kwenye mipangilio ya Windows. Kuizima fayawoli yote, kama wengine wanavyoshauri, ni kubomoa ukuta ili kufungua dirisha.

Kupima

Kurasa za kupima kasi ya intaneti hazina msaada hapa, maana zinapima bomba la mtaani. Kitazamwe kiwango cha muunganisho ambacho miwani inasoma kwenye ruta: kikiwa 866 au 1200, hali ni nzuri; kikiwa chini ya 400, miwani iko mbali au imeshika masafa ya 2.4.

Hatua inayofuata ni kuangalia uchelewaji kwa mafungu yake. Virtual Desktop hutenganisha muda wa mchezo, wa kubana, wa mtandao na wa kufungua. Fungu la mtandao likiwa milisekunde chache tu na jumla bado ni kubwa, ruta haina kosa. Kompyuta imelemewa, na dawa ni kupunguza ubora wa mchezo. Kubadilisha ruta hapo ni kumpa panadoli mtu aliyevunjika mguu. Fungu la mtandao likirukaruka, ndipo chaneli, umbali na vifaa vingine vichunguzwe.

Megabiti ni bora zianze chini. Picha 72 kwa sekunde na megabiti 100 ni mwanzo mzuri. Ziongezwe kidogo kidogo mpaka picha ianze kukwama, kisha zirudishwe hatua moja. Wengi huanza na kiwango cha juu kabisa, wakaona mkwamo, wakailaumu ruta. Megabiti nyingi huongeza pia muda wa kubana na kufungua, hivyo picha nzuri zaidi inaweza kuwa ndiyo inayochelewa zaidi.

Usalama wa mtumiaji

Waya, pamoja na usumbufu wake, ulikuwa unamkumbusha mvaaji mahali alipo. Bila waya husahau haraka. Mpaka wa kuchezea unaochorwa na miwani uwe ndani ya kuta kwa nusu mita hivi, na dari itazamwe pia: miwani haimwonyi mtu anayeinua mikono chini ya pangaboi. Umeme ukikatika, kompyuta na ruta huzima lakini miwani, yenye betri yake, hubaki ikiwaka na picha iliyoganda. Mvaaji asimame palepale na kuivua kabla ya kupiga hatua. Anayehisi kichefuchefu aache mara moja, kwa sababu kuvumilia huongeza ugonjwa na dalili zinaweza kuendelea kwa saa kadhaa baada ya miwani kuvuliwa. Kwa watoto, Meta huweka umri wa chini wa miaka 10, tena kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi hadi mtoto afikishe miaka 13.